Seli Zinapovuka Mpaka: Jinsi Saratani ya Umio Inavyojipenyeza na Kusambaa

Mgonjwa wa saratani ya umio, akiulizwa dalili zilianza lini, aghalabu hujibu kwa kutaja vyakula. Kwanza nyama ilianza kukwama, naye akadhani ni ubovu wa meno. Kisha ugali ukawa haushuki mpaka usukumwe kwa maji. Baada ya wiki kadhaa akawa anakula viazi vilivyopondwa, halafu uji, halafu maziwa. Na siku anapoletwa hospitali na ndugu zake huwa ameshika kikopo cha kutemea mate, kwa sababu hata hayo hayapiti. Madaktari wa Bomet, wa Eldoret, wa Moshi na wa Dar es Salaam wameisikia orodha hiyo mara nyingi kiasi cha kuweza kuikamilisha kabla mgonjwa hajafika mwisho.

Umio ni mrija wa misuli wenye urefu wa sentimita 25 hivi kwa mtu mzima, nao una uwezo mkubwa wa kutanuka. Uvimbe unaweza kuota ndani yake kwa muda mrefu bila mwenyewe kuhisi lolote, maana chakula hupata pa kupitia. Ugumu wa kumeza unapojitokeza, njia huwa imekwisha kuzibwa sehemu kubwa. Kwa wagonjwa wengi, tukio lililoamua hatima yao huwa limetokea zamani, bila maumivu wala dalili: seli chache zilitoka katika tabaka zilimozaliwa, zikatoboa utando ulio chini yao, zikaingia mahali ambapo hazikupaswa kuwapo. Jinsi tukio hilo linavyotokea ni swali ambalo limewashughulisha watafiti kwa miongo mingi, na majibu yaliyopatikana yanaeleza mengi kuhusu ukali wa maradhi haya na ugumu wa kuyatibu.

Ukuta wa umio umepangwa kwa matabaka. La ndani kabisa, linaloguswa na chakula, ni la seli bapa zilizolaliana safu juu ya safu kama makuti ya paa. Seli mpya huzaliwa katika safu ya chini, hupanda taratibu huku zikizidi kubapaa, na hatimaye hubanduka na kumezwa pamoja na chakula. Chini ya safu hiyo ya uzazi umetandazwa utando mwembamba mno, usiofikia hata unene wa mikromita moja, uliofumwa kwa protini, hasa kolajeni ya aina ya nne na laminini. Huo ndio utando wa msingi. Ng'ambo yake iko tishu unganishi yenye mishipa midogo ya damu na ya limfu, kisha ukanda mwembamba wa misuli, kisha tabaka jingine laini lenye mishipa mingi zaidi, na mwisho misuli minene inayolisukuma tonge kuelekea tumboni.

Maadamu seli zilizoharibika zimebaki juu ya utando wa msingi, wataalamu huiita hali hiyo displasia. Haziwezi kufika mbali, kwa kuwa tabaka la seli bapa lenyewe halina mishipa ya damu wala ya limfu ya kuzisafirisha. Zikiutoboa utando, hata kama ni kwa kundi dogo lisiloonekana kwa macho, jina hubadilika na kuwa saratani vamizi. Tofauti ya majina hayo mawili, kwa mgonjwa, yaweza kuwa tofauti ya kutolewa kipande kidogo cha utando kwa endoskopia na kurudi nyumbani, au kufunguliwa kifua na kuondolewa umio wote.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba jibu lote lingepatikana katika jeni. Kusanya mabadiliko ya jeni ya kutosha, ilidhaniwa, na seli itavuka. Mwaka 2018 kundi la watafiti wa Taasisi ya Wellcome Sanger nchini Uingereza, wakiwamo Iñigo Martincorena na Philip Jones, lilitoa matokeo yaliyoitikisa imani hiyo. Walichunguza vipande vya umio wa watu tisa waliokuwa wamefariki, wenye umri wa kuanzia miaka ya ishirini hadi ya sabini, ambao umio wao ulikuwa mzima. Walikuta umejaa mabadiliko ya jeni. Kwa watu wa umri wa makamo na wazee, koo za seli zenye jeni ya NOTCH1 iliyoharibika zilikuwa zimetapakaa katika asilimia 30 hadi 80 ya tabaka la ndani. Hata jeni ya TP53, inayotengeneza protini ya p53 ambayo ni mlinzi mkuu wa seli dhidi ya saratani, ilikuwa imeharibika katika sehemu ya seli hizo. Na watu hao hawakuwa na saratani. La kushangaza zaidi, kasoro ya NOTCH1 ilionekana mara nyingi zaidi katika umio mzima kuliko katika uvimbe wenyewe, kana kwamba koo hizo hushindana na zile za hatari na kuzibana.

Kwa hiyo kuharibika kwa jeni ni jambo la kawaida la uzee wa mwili. TP53 ndiyo inayojitokeza kwa tofauti kubwa: kasoro zake hupatikana katika idadi kubwa mno ya saratani za seli bapa za umio, na huwapo tangu hatua ya displasia. Huwapo, lakini peke yake haitoshi kuvusha.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, chini ya uongozi wa Anil Rustgi, walitafuta njia ya kuutazama uvukaji wenyewe ukitokea. Hilo si rahisi. Seli zikikuzwa kwenye sahani ya plastiki ya maabara hutambaa bapa, hazina juu wala chini, hazina mpaka wa kuvuka. Wakatengeneza umio mdogo wa kuigiza. Kwanza walichanganya kolajeni na fibroblasti, yaani seli za tishu unganishi ambazo kazi yake ni kufuma nyuzi zinazoushikilia mwili pamoja. Mchanganyiko huo uliganda kama jeli. Juu yake wakapanda seli za tabaka la umio wa binadamu, kisha wakaiinua tishu hiyo ili upande wake wa juu uguse hewa na wa chini unywe virutubisho. Baada ya wiki mbili hivi seli zilijipanga zenyewe: safu ya uzazi chini, safu bapa juu, kama zilivyo mwilini.

Seli za kawaida zilikaa juu ya jeli na hazikushuka. Ndipo watafiti wakaanza kuzibadilisha hatua kwa hatua. Waliziongezea EGFR, kipokezi kinachokaa juu ya seli na kupokea amri za kukua. Waliziwashia telomerasi, kimeng'enya kinachoziondolea seli ukomo wa kugawanyika. Wakazipa p53 yenye kasoro katika nafasi ya 175, mojawapo ya kasoro zinazoonekana sana kwa wagonjwa. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2007, seli zilizobebeshwa mabadiliko hayo kwa pamoja zilishuka ndani ya jeli kwa visiwa na vidole, kwa umbo ambalo mtaalamu yeyote wa patholojia angelitambua. Fibroblasti zilizokuwa chini nazo zilibadilika tabia. Hazikubaki mashahidi.

Jambo hili la mwisho lilifuatiliwa kwa makini. Mwaka 2010 kundi hilohilo lilionyesha kwamba fibroblasti hutoa kichocheo cha ukuaji kiitwacho HGF, ambacho hufika kwenye seli za saratani na kuzipa msukumo wa kupenya. Mwaka huohuo walizitenga kwa mionzi ya leza seli zilizokwisha kupenya na kuzilinganisha na zile zilizobaki juu, ili kujua ni jeni zipi zimewashwa kwa wavukaji tu. Iliyojitokeza mbele ya nyingine ilikuwa periostini, protini iliyopewa jina lake kutokana na utando unaofunika mifupa. Kazi yake ni kuzipa seli mahali pa kushika. Walipoizima periostini, upenyaji ulipungua. Seli ya saratani, kumbe, inapoingia katika tishu ngeni hujitandikia njia yake mwenyewe ya kukanyaga, na hupata msaada kutoka kwa wenyeji.

Ili iondoke, seli sharti kwanza iwaachie jirani zake. Seli bapa za umio zimefungamana ubavu kwa ubavu kwa protini mbalimbali, kubwa miongoni mwake ikiwa E-kadherini, ambayo hujitokeza katika kila seli na kushikana na mwenzake wa seli ya pili kama vidole vya mikono miwili. Katika uvimbe unaopenya, E-kadherini aghalabu hupungua au hutoweka, hasa pembezoni ambako seli zinasonga mbele. Mara nyingi jeni yake haijaharibika, imezimwa tu. Wanaoizima ni protini chache zenye kazi ya kuamuru jeni nyingine, zinazojulikana kwa majina ya Snail, Slug, Twist na ZEB1. Amri zao huenda mbali zaidi ya hapo: seli huacha umbo lake la kigae, hurefuka, huunda mifupa ya ndani ya vimentini na kuanza kutambaa.

Mpango huo haukubuniwa na saratani. Elizabeth Hay wa Chuo Kikuu cha Harvard ndiye aliyeueleza kwa ufasaha alipokuwa akichunguza viinitete vya kuku, ambamo seli za tabaka la juu hujitenga na kuzama ndani ili kujenga viungo vipya. Kila binadamu aliwahi kuutumia tumboni mwa mama yake, na mwili huutumia tena kwa kiasi fulani kidonda kinapofunga. Saratani huufungua upya mlango ambao mwili ulikuwa umeufunga. Ufunguo mmojawapo ni TGF-beta, kijumbe cha kemikali chenye tabia ya undumakuwili: katika tabaka zima la umio huzizuia seli zisigawanyike ovyo, lakini katika uvimbe uliokomaa, ambamo breki hizo zimekatika, huwa kichocheo cha kuhama.

Hapa yafaa kusahihisha picha inayochorwa mara nyingi katika vitabu, ya seli moja jasiri inayokimbia peke yake. Mtaalamu wa patholojia anayekichunguza kipande cha saratani ya seli bapa kwa hadubini huona zaidi makundi: visiwa vya seli zilizoshikana bado, vikisonga pamoja, na pembeni vichipukizi vya seli moja hadi nne vilivyochomoka. Seli nyingi hubadilika nusu tu. Hulegeza mshikamano bila kuukata kabisa, na yamkini hali hiyo ya katikati ndiyo ya hatari zaidi, kwa kuwa seli huweza kurudi ilikotoka.

Kikwazo cha pili ni utando wenyewe. Seli vamizi huchomoza vijiguu vidogo upande wa chini, na katika ncha zake hukusanya vimeng'enya vya kundi liitwalo MMP, vyenye uwezo wa kukata kolajeni na laminini. Vimeng'enya hivi pia ni mali ya mwili; bila hivyo mfupa usingekua wala kovu lisingelainika. Uvimbe hutoa baadhi yake na kuziagiza fibroblasti na seli za kinga zilizo jirani kutoa vingine.

Mara habari za vimeng'enya hivyo zilipojulikana, viwanda vya dawa vilikimbilia kutengeneza vizuizi vyake. Katika miaka ya 1990 dawa kadhaa za aina hiyo zilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani mbalimbali, na takriban zote zikashindwa. Wagonjwa walipata maumivu ya viungo na misuli bila kuongezewa maisha. Sababu mojawapo, iliyoeleweka baadaye, ni kwamba baadhi ya vimeng'enya vya MMP huusaidia mwili kupigana na uvimbe, na dawa zilivizima vyote bila kuchagua. Nyingine ni ya wazi mno kiasi cha kutia simanzi: waliopewa dawa walikuwa wagonjwa ambao saratani yao ilikwisha kusambaa. Kufuli lililetwa baada ya mwizi kuondoka. EGFR nayo ilileta matumaini kama hayo. Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2014 liliwapa gefitinib, dawa ya kuziba kipokezi hicho, wagonjwa wa saratani ya umio walioshindwa na tiba ya kemikali, na kwa jumla yao haikurefusha maisha.

Seli zikiwa ng'ambo ya utando, maumbile ya umio huzipa nafasi ambayo viungo vingi haviitoi. Katika utumbo mpana, mishipa ya limfu ni haba katika tabaka la juu, hivyo saratani changa ya hapo mara chache hufika mbali. Katika umio mishipa hiyo ni tele tangu tishu iliyo mara tu chini ya utando wa msingi, na imepangwa kwa urefu, kufuata mrija kwenda juu na chini. Seli iliyoingia katikati ya kifua yaweza kupelekwa hadi tezi za limfu za shingoni au za tumboni, ikizipita zile za jirani bila kutua. Daktari wa upasuaji anayekata sentimita kadhaa juu na chini ya uvimbe hana hakika kwamba amepata mwisho wake. Ndiyo maana vilevile kina huhesabiwa kuliko upana: saratani iliyobaki katika utando laini mara chache huwa imefika kwenye tezi, ilhali ikishaingia katika tabaka la chini yake, mgonjwa mmoja kati ya watano, na pengine zaidi, huwa tayari na seli katika tezi.

Upande wa nje mambo si nafuu. Sehemu kubwa ya utumbo imevikwa ganda laini linalozuia kwa muda uvimbe usitoke. Umio wa kifuani hauna. Saratani iliyomaliza misuli hujikuta jirani na bomba kuu la hewa, mshipa mkuu wa damu na mfuko wa moyo. Ikiibana neva inayokwenda kwenye kikoromeo, sauti hukwaruza. Ikitoboa bomba la hewa, mgonjwa hukohoa kila anapokunywa maji, na nimonia hufuata.

Safari ya mbali zaidi ni kwa njia ya damu, na ni ya kuangamiza hata kwa saratani yenyewe. Isaiah Fidler, katika majaribio yake ya mwaka 1970 kwa panya, alionyesha kwamba chini ya seli moja katika kila elfu zilizoingizwa katika damu ilikuwa hai baada ya siku moja. Mkondo huzipasua, seli za kinga huzivamia. Zinazopona mara nyingi ni zile zilizojifunika chembe sahani za damu kama buibui. Wala hazitui popote tu. Stephen Paget, daktari wa London, aliandika mwaka 1889 kwamba seli za saratani ni kama mbegu, huota pale tu udongo unapozikubali. Kwa saratani ya umio udongo huo ni ini, mapafu na mifupa. Zikifika, seli nyingi hufanya jambo lisilotarajiwa: huirudisha E-kadherini, hushikana upya, na kujenga koloni linalofanana na tishu zilikotoka. Dawa itakayozuia seli kugeuka ili zihame yaweza, ikitolewa kwa kuchelewa, kuzisaidia zilizokwisha kuhama zitulie na kukua. Hilo ni tatizo ambalo halijatatuliwa.

Duniani kote, kwa makadirio ya mwaka 2022, watu wapatao 511,000 waligunduliwa kuwa na saratani ya umio na wapatao 445,000 walifariki kwayo. Ukaribu wa tarakimu hizo mbili unatosha. Afrika Mashariki imo katika ukanda mrefu wa maradhi haya unaoanzia Ethiopia, kupitia Kenya, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini, na hapa karibu yote ni ya seli bapa. Magharibi mwa Kenya huwakumba hata vijana wasiotimiza miaka 30, jambo lisiloonekana sana kwingineko. Vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 za Selsiasi viliorodheshwa mwaka 2016 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kuwa yamkini husababisha saratani. Tumbaku na pombe ni washukiwa wa zamani. Kuunguzwa kila siku huzilazimisha seli za safu ya chini kugawanyika ili kuziba jeraha, na huziweka fibroblasti katika hali ya kudumu ya kuponya kidonda, hali ileile ambayo watafiti wa Philadelphia waliiona chini ya jeli.

Kwa kuwa uvukaji ukishatokea ni vigumu kuurudisha, jitihada zimegeukia kuzitafuta seli kabla hazijavuka. Katika Hospitali ya Tenwek, Kaunti ya Bomet, wakazi 305 wasiokuwa na dalili yoyote walifanyiwa uchunguzi ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016. Kifaa chenye kamera kilishushwa kooni na umio ukanyunyiziwa iodini ya Lugol, myeyusho wa rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Seli bapa nzima huwa na akiba ya wanga iitwayo glikojeni, nayo ikikutana na iodini hugeuka kahawia. Seli za displasia zimeitumia akiba hiyo, kwa hiyo hubaki njano iliyopauka, na madoa hayo huonekana dhahiri kama viraka katika nguo. Asilimia 14.4 ya waliochunguzwa walikuwa na displasia ya kiwango fulani.

Kiraka kikitolewa, hupelekwa maabara, hukatwa vipande vyembamba, hutiwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini. Mtaalamu huutafuta utando wa msingi na kuufuata kwa jicho kutoka ukingo hadi ukingo. Akiukuta mzima, mgonjwa amepona. Akikuta umetobolewa, hupima umbali ambao seli zimekwenda. Zikiwa zimeingia katika tabaka la chini ya utando laini kwa kina kisichozidi mikromita 200, ambacho ni kama unene wa nywele mbili au tatu, madaktari bado huweza kujadiliana na mgonjwa kama umio wake ubaki. Zaidi ya hapo, mazungumzo huhamia chumba cha upasuaji.